Daftari la Kibaigwa

Baba aliacha daftari la jalada gumu,
kona zimeliwa na mchwa,
na ndani yake hamna tarakimu hata moja.
Safu za herufi ngeni tu.
Shangazi Sechelela alisema ni uganga, lichomwe.
Mimi ni karani wa mizani. Niliona
kila safu imepigiwa mstari chini,
na apigaye mstari chini anajumlisha.

Nikalipeleka Msalato, chuoni,
alikosoma Kigiriki miaka miwili kabla ada haijamshinda.
Mwalimu Chilongola akacheka, akavuta kiti:
Wagiriki wa kale, binti, walihesabu kwa alfabeti.
Alfa moja. Beta mbili. Iota kumi. Ro mia.
Kistari hiki begani mwa herufi
kinasema: hapa usisome, hesabu.

Herufi ishirini na nne hazikufika mia tisa.
Wakaziita tatu zilizokwisha kufa,
zile ambazo vinywa vilikuwa vimezisahau,
wakazipa kazi: sita, tisini, mia tisa.
Haziandiki neno tena.
Zinabeba magunia.

Nikasoma usiku, taa ya sola ikififia.
Mtama wa Mbeleje: iota, beta. Gunia kumi na mbili.
Alizeti ya mama Ndahani wa Pandambili:
lambda na ile maiti ya sita. Thelathini na sita.
Lumbesa hakuipa herufi;
pembeni aliandika kwa Kiswahili, wizi.

Na mwaka ule mvua ilipotukwepa kama mdaiwa,
kurasa nne nyeupe.
Hesabu zile hazikuwa na sifuri,
naye hakwenda kuiazima kwingine.
Njaa ikabaki bila alama.
Ladha yake naijua mimi: mlenda usio na chumvi,
asubuhi, na jioni ule ule.

Deni moja tu halikukatwa.
Kila mwezi, juu, kulia:
fi, ksi, epsiloni. Mia tano sitini na tano.
Magunia? Shilingi? Za nani?
Miezi mitatu nilimsaka mdai huyo,
hata mwenye mashine ya kukoboa nikamwuliza,
akaapa kwa mama yake.

Chilongola akasema kwenye simu, huku anatafuna kitu:
Andika jina lako kwa herufi zao.
Kisha usilisome.

Ni ni hamsini. (Ndivyo inavyoitwa, Ni.)
Ipsiloni mia nne. Epsiloni tano.
Mi arobaini. Omikroni sabini.
Nikabonyeza kikokotoo cha mizani,
kile kile cha mahindi ya watu, chenye vumbi kwenye saba,
Nyemo,
nikabonyeza tena kwa sababu foleni ilikuwa inapiga kelele.

Mia tano sitini na tano.

Nimepitia kurasa zote, hata zile nyeupe nne.
Juu, kulia, nipo.
Hakuna penye mstari wa kufuta,
wala hakuandika, hadi mwisho,
nani kati yetu alikuwa anamdai mwenzake.