Sabini na Tano za Shaba

Mama alitugawia mapema, akili zake zikiwa timamu:
kekee mbili, pacha, kazi ya sonara wa Kisutu.
Moja akamvika Sikudhani. Moja akanitia kiganjani.
Akasema, "Msije mkapimana uzito."
Hatukupimana. Tulipimana mengine.

Mimi nilijiona ndiye mwenye adabu.
Nikaitumbukiza yangu ndani ya soksi ya sufu,
ya Nasri alipokuwa mchanga,
nikaizungushia raba ya kufungia noti, mara tatu,
nikaificha kabatini nyuma ya vyeti,
Kigamboni, nyumba ya pili kutoka ufukweni,
ambako hata chumvi hulia ndani ya kopo lake.
Miaka sita. Kila Idi nikisema, mwakani.

Harusi ya Mwanahija ikanitoa kabatini.
Nafungua: nyeusi kama sufuria ya kuni,
na pale soksi ilipotoboka, raba ikaigusa,
mstari mweusi zaidi,
kama jina la mtu lililokatwa kwenye orodha.

Nikadhani nimerithishwa bati.
Nikadhani, Mungu anisamehe,
Sikudhani ndiye aliyepewa ya kweli.

Nikavuka kwa pantoni, nayo imo ndani ya sidiria.
Sonara mwenyewe amekwishafariki; nikamkuta mjukuu.
Akaisogezea sumaku. Haikujali.
Akabana lenzi jichoni, akaigeuza upande wa ndani,
akanionyesha tarakimu ndogo kama mayai ya chawa:
925.

"Ukiigawa mafungu elfu, dada,
mia tisa ishirini na tano ni fedha.
Sabini na tano ni shaba."

Na huyu shaba, nikauliza, kaingiaje?

"Tumemwingiza sisi. Fedha tupu ni laini,
ungeipinda kwa kubeba mtoto.
Shaba ndiye anayeishika isilegee.
Na huyohuyo ndiye wa kwanza kusawijika."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeanza kufikiria watu.

Kusafisha, elfu kumi. Nikasema sina.
Basi akanifundisha bure, huku anakunywa chai:
dawa ya meno usiguse, inaparura.
Sufu hapana, raba hapana, yai hapana.
Chukua karatasi ile inayong'aa, ya kufungia chipsi,
itandike bakulini, kekee juu yake,
magadi kijiko kimoja, maji yanayotokota.
"Na weusi ulio ndani ya nakshi uache.
Ukiutoa wote, ua halitaonekana."

Usiku nikafanya hivyo, jikoni, peke yangu.
Ikapanda harufu ya yai viza.
Weusi ukaondoka taratibu, bila ugomvi,
ukaihamia karatasi.
Nikaisuuza, nikaikausha kwa fulana kuukuu ya marehemu mume wangu,
nikaipuliza kama uji.

Jumamosi, ukumbini Ilala, Sikudhani akaniinulia mkono.
Yake ilikuwa inawaka.
Siyo kama yangu, iliyooshwa jana ikawa na aibu ya jana;
ilikuwa na mng'ao mzito, wa ndani,
kama paji la uso la mtu aliyetoka kuswali.

"Unaisafisha na nini?"
"Kuisafisha?" Akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona.

Anauza kanga Kariakoo, miaka yote hiyo.
Afungue doti, akunje doti, amtandikie mteja,
mteja aondoke, akunje tena.
Pamba imeilamba asubuhi hadi jioni.
Hajaivua hata alipolazwa Amana.
Ina kovu moja mlango wa fremu ulipoibana,
na ua lake karibu limefutika.

Akaivua, akanipa niione vizuri.
Nikawa nazo zote mbili, moja kila kiganja.
Yake ilikuwa nyepesi.

Nikamrudishia haraka, kabla mkono haujajua zaidi.

Yangu naivaa sasa. Naivua nikishika jiki,
naivua nikienda kuogelea na wajukuu.
Jana nimeikwaruza kwenye bomba la maji.
Nikaitazama. Nikaendelea kuchota.