Andika Jina Kuthibitisha

Saa nane usiku, Upper Hill. Manyunyu ya Julai
yanakwaruza kioo, hita inanuka vumbi lililoungua.
Nafungua dirisha jingine, lile la ndani ya tarakilishi,
na vishada vyangu vinne vimejipanga:
Batiani, kijani. Nelioni, kijani.
Lenana ana homa, diski imejaa asilimia themanini na tisa.
Na cha nne, chini kabisa, kwa herufi ndogo:
kemunto.

Utotoni, Makadara, kishada kilikuwa karatasi,
njiti za ufagio, uji wa ngano badala ya gundi,
na mkia ulionasa kwenye nyaya za stima.
Siku hizi kishada ni mashine kumi na mbili
ndani ya chumba nisichowahi kukiona,
katika nchi ambayo sina viza yake.
Mimi nimeshika uzi tu,
na uzi wenyewe ni nywila na tarakimu sita zinazotumwa kwa simu.

Tunahesabu maji. Ndiyo kazi.
Kila mita ya Kayole, ya Dandora, ya Mukuru,
kila tokeni ya shilingi ishirini
hudondoka humu kama tone kwenye debe.
Saa kumi na nusu nitauona mji ukiamka:
mstari utainuka taratibu, kisha ghafla,
kama mtu aliyekumbuka kuwa ana watoto wa shule.

Lakini bado ni saa nane. Mhasibu ameandika:
kemunto ni cha nani? Kinakula dola mia sita kwa mwezi.
Kifutwe kabla ya kikao.
Haba na haba, walisema wahenga.
Hawakutuambia kibaba chaweza kujaa deni.

Kilikuwa cha Ondieki. Aliachishwa Machi,
akaondoka na kikombe chake na chaja ya mtu mwingine.
Nabofya. Hakuna mtumiaji. Hakuna aliyeunganishwa.
Ila kila usiku, saa nane na dakika kumi,
kitu kinachomoka kwenye grafu,
chembamba kama mwiba wa samaki.

Nasubiri.

Kinachomoka.

Swali lenyewe ni mistari sita,
halina maelezo wala salamu:
katika nyumba za mtu mmoja, mita zipi
hazijatoa tone kwa siku tatu?
Majibu yanarundikana kwenye jedwali
ambalo halijafunguliwa tangu Machi.
Ya usiku wa leo ni tisa.

Mara moja tu, kwenye foleni ya chapati, aliniambia
nyanya yake aliishi peke yake, Umoja,
na kwamba alipatikana siku ya nne.
Majirani walidhani amesafiri.
Kisha akamwambia mama wa kibanda
amwongezee maharagwe.

Nanakili swali. Nalihamishia Batiani,
saa ile ile, ila sasa majibu yaje kwenye simu yangu.
Nahifadhi nakala ya mwisho, maana mazoea yana taabu.
Kisha kitufe chekundu, na kisanduku kinachouliza
kwa adabu ya karani wa makaburi:
andika jina la kishada kuthibitisha.

Ke.
Mu.
Hapo vidole vinaganda kidogo; ni baridi, najiambia.
Nto.

Gurudumu linazunguka. Orodha inavuta pumzi,
inabaki na vitatu. Mhasibu atalala vizuri.
Huko nje askari wa lango anakohoa,
anamimina chai kutoka kwenye chupa.

Saa nane na nusu si saa ya kumpigia mtu,
tena mtu ambaye kosa lake ni kutofungua mfereji.
Labda amesafiri.
Nashuka na kidole hadi namba ya kwanza.

Inaita.