Feni ya Semkiwa

Februari hii hapa Makorora
bati linalia kwa jua: tak, tak.
Sungura wangu wamejinyoosha kama matambara,
masikio ya moto, pumzi za juu juu.

Nikaivuta kompyuta ya kaka yangu Semkiwa
kutoka uvunguni, ilikolala tangu arobaini yake.
Bisibisi ya kwanza haikuingia.
Ya pili ilikuwa kisu cha mezani.

Ndani, vumbi la miaka minne ya kuchapa barua za watu:
maombi ya kazi, wosia mmoja,
na posa ya fundi baiskeli wa Barabara ya Kumi na Mbili
iliyofika kwa baba mkwe na makosa matatu, ikakubaliwa.

Feni ikang'oka. Waya mwekundu kwa mwekundu,
mweusi kwa mweusi,
betri ya pikipiki iliyokwisha kuuzwa,
kifuniko cha ndoo nilichotoboa kwa msumari wa moto.
Nikaifunga kinyumenyume:
ikanipuliza mimi usoni, na manyoya, na mavi makavu.
Shemeji akacheka. Hajacheka siku nyingi.

Sasa inavuma usiku kucha nyuma ya jiko,
sauti ileile iliyokuwa ikipenya ukutani
tukimwambia, Semkiwa, zima, ulale.
Dume ameielekezea pua,
amefumba macho.

Diski nimeifunga kitambaani.
Iko kabatini, chini ya vitenge vya shemeji.
Anajua iko.
Hatujaulizana.