Ndimu kwa Jiwe

Chupa ya asidi ilipasukia mkobani, Miritini,
ikala daftari, ikala mfuko wa suruali,
ikanionja paja.
Siku ya pili nikapima mawe kwa ndimu
za shilingi kumi kumi, kwa Bi Nimwaka kando ya reli.
Akauliza, "Kwani mwapika nini huko bondeni?"

Napika miaka, Bi Nimwaka.
Nakwangua jiwe kwa msumari, nadondosha tone,
natega sikio.
Likichemka, lilikuwa bahari.
Likinyamaza, ni tope la bara
lililosahau lilikotoka.

Mwamba wa Jomvu hubanduka kama chapati iliyolala,
tabaka kwa tabaka, na harufu ya mvua iliyofungiwa.
Kwenye tabaka moja nikakuta kombe la kale,
limejikunja mara tano,
dogo kuliko kifungo cha kanzu.
Nikapiga kelele, peke yangu.

Wakaja watu.
Wakaja na swali lao, wala halikuhusu kombe:
"Mmeona nini? Dhahabu? Twahama lini?"
Nikafungua kiganja. Nikasema ni maiti tu wa baharini.
Dzombo akalitazama, akatazama paa lake la makuti:
"Hata wale wa reli walianza na nyundo ndogo."

Sikuwa na jibu.
Nilizo nazo ni namba za mifuko,
J-9, J-10, J-11,
kwa kalamu inayofutwa na jasho.

Nikarudi Kibokoni na kilo kumi na nne mgongoni,
nikaegemea ukuta wa nyanya, ule ulionilea:
matumbawe, chokaa, vidole vya mafundi wasiotajwa.
Ilibaki nusu ndimu.
Nikakwangua palipoambuka rangi, nikakamua.
Ukuta ukachemka, polepole,
kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"We Batuli! Nyumba yatiwa ndimu kama samaki?"
Si mbali na samaki, nyanya.
Si mbali hata kidogo.

Ripoti ina safu ya kina, safu ya rangi,
safu ya umri, yenye nafasi ya sifuri nyingi.
Swali la Dzombo halina safu.
Nimeliandika pembeni, kwa penseli.
Penseli haiogopi asidi.
Karatasi ndiyo iogopayo.