Mistari Mitatu

Fomu imefika Usoke na treni ya Jumanne,
imekunjwa mara nne ndani ya boksi la glavu.
Swali la saba: "Kwa nini ulichagua uuguzi?"
Wameniachia mistari mitatu.

Saa nane usiku. Wodi imetulia,
isipokuwa bibi wa kitanda cha nne
anayekohoa moshi wa tumbaku aliyoikausha miaka arobaini
na hakuivuta hata siku moja.
Nimeegemea meza ya dawa, kalamu mkononi.
Mimi ndiye mwandishi wa kila kitu humu:
joto, mkojo, mapigo, saa ya kuzaliwa, saa ya kufa.
Mistari mitatu imenishinda.

Niandike kweli? Sikuchagua.
Nilitaka hesabu, niwe mwalimu, mikono nyeupe kwa chaki.
Jina langu likatoka kwenye orodha ya uuguzi,
baba akalisoma kwa sauti mbele ya mabani,
vidole vyeusi kwa utomvu,
akasema, "Mshahara wa nesi haupigwi na mvua ya mawe."
Mwaka ule chama kilikata deni la mbolea
mpaka ikaliwa na pesa ya daftari.
Basi jibu ni mbolea.
Nani atampeleka masomoni mtu aliyeletwa na mbolea?

Au niandike ile saa.
Sista Kalunde aliibandika kifuani, ikining'inia kichwa chini.
Nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu ana degedege.
Nikamwambia, saa yako imepinduka.
Hakuinua macho. Vidole vilikuwa kwenye mkono wa mtoto,
midomo ikihesabu.
Alipomaliza ndipo akanijibu:
"Kwako imepinduka. Kwangu iko sawasawa."

Ukurasa wa pili: "Unaomba kusomea nini?"
Hapa sikuhangaika. Dawa ya usingizi.

Mbutolwe anasema nikasomee utawala, nikae penye feni.
Bukuru aliacha kazi, anauza mabati Kaliua,
anapata mara mbili yangu na usiku hakuna anayemgongea.
Daktari amesema, "Nesi, unaomba mbali."
Miaka sita, bado hajalijua jina langu.
Mume wangu, kutoka Mpanda, kwa simu inayokatikakatika:
miaka miwili, watoto watalala na nani?
Swali zuri. Halimo kwenye fomu.

Chumba cha upasuaji tunacho.
Kimepakwa rangi, kina taa ya macho saba,
kitanda bado kimevaa nailoni yake.
Kisu kipo. Mwenye kisu yupo.
Hayupo wa kumlaza mtu asisikie.
Masika tulimpakia Nyamizi kwenye gari, twende Tabora,
tope mpaka kwenye milango.
Nilikuwa na sikio langu tumboni mwake njia nzima,
nahesabu moyo wa mtoto kwa sauti, ili mama naye ausikie.
Tulipofika Ndono nikaendelea kuhesabu
ingawa palikuwa hapana cha kuhesabu.

Hilo haliingii mistari mitatu, wala sitaki liingie.
Nyamizi si sababu yangu.
Ni mtoto wa mtu: mama yake anauza asali stesheni,
kwenye chupa za maji,
na kila nipitapo hunipa salamu yote,
na watoto, na kazi, na usingizi,
hapunguzi hata neno.

Bibi wa kitanda cha nne anaomba maji.
Nampa, namgeuza ubavu, narudi.

Wengi huandika: "Napenda kuwahudumia watu."
Nami nimeandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri,
na si uongo.
Mstari wa pili nimeandika: Ndono. Nikaweka nukta.
Wakiuliza, nitawaeleza.
Wa tatu bado uko wazi,
na bibi ameanza tena kukohoa.