Kimya, Sekunde Kumi na Moja

Mshiriki namba mia mbili na kumi na saba
hana jina kwenye dodoso langu.
Jina lake lilikaa siku ishirini na moja
katika daftari la jalada jekundu, ndani ya kabati lenye kufuli,
kisha tukalichana, likaenda na maji.
Nitamwita Nélida, kwa kuwa siye Nélida.

Anafungasha mapeari huko bonde la Alto Valle,
zamu ya saa kumi na moja alfajiri.
Upepo wa Patagonia haubishi hodi;
nausikia simuni ukimkata maneno.
"Rudia," nasema, "sikukupata,"
naye anarudia polepole
kama anayemsomea mtoto imla.

Alikunywa vidonge Jumamosi
kwa sababu Jumapili kiwanda hufungwa.
Alikuwa amepiga namba
iliyobandikwa mlangoni mwa choo cha kituo cha basi,
na sauti ya mwanamke ikamwambia:
Sikuachi. Niko hapa mpaka kuche.

Swali la nane. Ulikuwa na nani? Tia alama moja tu.
Peke yangu. Mwenzi. Rafiki. Mhudumu wa afya.

Akacheka.
"Nilikuwa na mbwa.
Na ile sauti, jina lake sikuuliza.
Na dada yangu Ermelinda chumba cha pili, akijifanya amelala,
maana anasali mno na ananipenda mno
na usiku ule hakujua lipi litangulie.
Saa nane akafungua mlango kidogo,
akasukuma kwa mguu chupa ya maji ya moto,
akafunga.
Tia alama unapotaka."

Nikatia kwenye Mengineyo.
Mstari wa Mengineyo una urefu wa kidole gumba.

Maumivu, moja hadi kumi?
"Sita. Halafu nane. Halafu nikapika supu."
Ulihitaji kwenda hospitali?
"Hapana. Lakini nililala na viatu, endapo."

Viatu havina kisanduku.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
nasi tumepewa fedha ya kuihoji kata:
wangapi walimaliza salama bila daktari,
wangapi walihitaji msaada, na waliupata wapi,
kwa asilimia yenye nukta moja ya desimali.
Siidharau nukta hiyo.
Huenda siku moja hakimu akaisoma
akiwa amevaa miwani, amekwisha kunywa kahawa yake,
akasita kabla ya kugonga nyundo.
Ofelia, mkuu wetu wa utafiti, husema
huruma bila hesabu ni umbea.
Namkubalia. Kisha narudi mezani
na kuandika viatu, kwa penseli, pembeni mwa ukurasa,
mahali ambapo kompyuta haisomi.

Nilipofika kwenye maneno ya kufungia,
yale yaliyopitishwa na kamati ya maadili,
asante kwa muda wako, majibu yako ni siri,
akanikatiza.
"Na wewe, mama? Lako lilikuwa lini?"

Mnukuzi wetu Lautaro, kijana mwangalifu,
ameandika kwenye mabano kama alivyofunzwa:
(kimya, sekunde kumi na moja).

Ndani ya hizo kumi na moja hakusikia
jiko la mama mdogo, mwaka wa tisini na tatu,
sufuria ya buluu iliyobanduka rangi,
kitambaa nilichong'ata,
redio iliyopandishwa sauti jirani asijue,
mechi ya mpira, na watu wakishangilia bao
ambalo mpaka leo sijui lilifungwa na nani.
Hapakuwa na namba ya kupiga.
Hapakuwa na mtu wa kusema sikuachi.
Wala hakuja mtu baada ya wiki tatu
na kalamu, na adabu, kuniuliza: ilikuwaje?

Kisha mimi, kwenye rekodi, kwa sauti ya kazi:
"Swali hilo halimo."

Na yeye, upepo ukiwa nyuma yake:
"Ndiyo. Nimeona kwamba halimo."