Ufunguo Juu ya Jeneza

Asubuhi ile mama alivaa gauni la Geertrui, muuza jibini,
refu, likiburura matope ya Leiden.
Hata soksi ziliazimwa.
Lake lilikwisha kuwa la waliomdai baba:
mwenye shayiri, fundi mapipa,
na yule wa Haarlem aliyekuja na daftari mvua ikinyesha.

Jeneza lilipofika kizingitini
mama alitangulia, peke yake,
akageuka mbele ya hakimu na majirani,
akauweka ufunguo wa nyumba juu ya mbao.
Ulilia mara moja tu.
“Govert, sirithi mali yako wala deni lako.”

Miaka ishirini na miwili
ikabaki nyuma ya mlango:
kitanda, birika la shaba, bata wawili watagao.

Dawa ya deni kulipa, walinong’ona watu.
Mimi niliyemshika mkono
nilihisi kiganja kitupu kikitetemeka,
kisha kikatulia, kama bega lililotua mzigo.

Jioni Geertrui alisema: kaa nalo gauni.
Mama akalitazama pindo, akahesabu kwa vidole.
“Nitakufulia hadi Pasaka.
Halafu tusidaiane.”